Harufu Chini ya Blanketi

Harufu iliingia nyumbani kwa akina Karasawa siku ile ile walipoitoa stoo kotatsu, meza ya msimu wa baridi. Wakati wa kiangazi watu hukaa mbalimbali, madirisha wazi, kila mtu na upepo wake. Lakini baridi ya Matsumoto ikishateremka kutoka milimani, hakuna ujanja: watu watatu na mbwa mmoja huingia chini ya meza moja fupi yenye moto kwa ndani, wakajifunika blanketi lake zito mpaka kiunoni, na hapo ndipo watakapokula, kutazama televisheni na kununiana mpaka majani yachipue. Watu huingiza miguu. Mbwa huingia mzima.

Basi mtu akiinua ncha ya blanketi apenyeze miguu, inatoka. Sijui niielezeje. Fikiria samaki aliyesahauliwa ndani ya kiatu cha mvua. Tena haikuwa na pupa. Ilipanda taratibu, ikafika puani, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Chizuru, mama wa nyumba, aliisikia. Yasunori, mumewe, aliisikia. Mzee Tokuji, baba yake Yasunori, aliisikia pia. Na kwa kuwa sisi watu wa huku tumelelewa kwamba aibu ya mwenzako ni mzigo wako, hakuna aliyefungua mdomo.

"Baridi leo," akasema Chizuru.

"Baridi kweli," akasema Yasunori.

"Na theluji iko njiani," akasema mzee.

Wakanywa supu yao.

Nikwambie mapema ili usihangaike bure: alikuwa mbwa. Mimi najua, wewe sasa unajua, na mbwa mwenyewe nadhani alikuwa akijua. Wasiojua ni hao watatu tu. Jina lake Gobo, jina la ule mzizi mrefu wa kahawia tunaoupika na karoti, maana ndivyo alivyoumbwa: mwili mrefu, mwembamba, na vijiguu vya kuazima. Alikuwa mzee wa miaka kumi na minne. Alinunuliwa na marehemu Bi Fusae, mke wa mzee Tokuji, na tangu Bi Fusae afariki, Gobo hakubanduka miguuni pa mzee. Lakini nani angemshuku? Mbwa hunuka mbwa, hilo linajulikana. Kila mmoja akatafuta mwanadamu.

Yasunori alishuku miguu yake mwenyewe. Yeye ni fundi wa mabomba ya maji ya manispaa, anashinda ndani ya viatu vya mpira, na mtu wa viatu vya mpira hawezi kujiapia. Akawa ananawa miguu akirudi kazini, ananawa tena kabla ya kula, kisha anavaa soksi mbili mbili. Chizuru alimwona, akadhani ana fangasi, akanyamaza.

Mzee alimshuku mkwewe. Harusi ya binti yao Honoka ilikuwa karibu, na Chizuru alikuwa akijinyima wali ili kimono ya heshima imkae vizuri. Tumbo tupu hutoa pumzi mbaya, mzee akawaza, maskini mtoto wa watu. Akawa anamsogezea wali.

Na Chizuru alimshuku mzee. Mzee alikuwa na meno ya bandia ya juu, umri umekwenda, na kila jarida la saluni linakwambia kwamba uzee una harufu yake. Tena, na hili ndilo lililommaliza, kila mzee alipokaa ndipo harufu ilipokaa. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ilimkosa mnyama mmoja tu.

*

Kusema, Chizuru hakusema. Alinunua. Alianza na vidonge vya kuoshea meno ya bandia, vile vinavyotoa povu, akaviweka karibu na sinki kama vimeanguka kutoka mbinguni. Mzee akavitumia, akashukuru. Harufu haikushukuru. Ndipo Chizuru akaleta pipi za mnanaa, akazijaza kwenye bakuli jekundu la wageni, akaliweka mezani mbele ya mkwewe.

"Karibu pipi, Baba."

"Asante, mwanangu." Mzee alifurahi sana. Kumbe mtoto anajua tatizo lake na ameanza kulishughulikia! Akalisogeza bakuli kwake. "Kula wewe."

"Aa, nimekununulia wewe, Baba."

"Mimi tayari nimekula sana. Vijana kwanza."

Kijana huyo alikuwa na miaka hamsini na moja. Alilirudisha bakuli. Mzee akalirudisha tena, kwa vidole viwili, na tabasamu. Likaenda, likarudi, adabu zikapanda mpaka wote wawili wakaanza kutokwa jasho. Yasunori, aliyekuwa akitazama mieleka, aliona watu wawili wanakataa pipi. Akazila zote.

Na Gobo je? Gobo alikuwa na starehe zake. Kila asubuhi mzee aliweka andazi dogo lililojazwa maharage ya sukari mbele ya picha ya Bi Fusae, kwenye madhabahu ya nyumbani. Alasiri aliliteremsha, maana chakula cha marehemu akishakionja yeye, walio hai hukila. Enzi zake Bi Fusae alikuwa akigawana maandazi hayo na Gobo nusu kwa nusu. Mzee hakupenda vitu vitamu. Alimpa Gobo zima.

"Mama yako anakusalimia," alikuwa akimwambia, na Gobo alikula, siku hizi kichwa kakiinamisha upande mmoja, makombo yakimdondoka. Mzee aliona. Akadhani ni uzee, akamhurumia, akawa anamchagulia maandazi laini zaidi.

Mswaki Gobo hakuwahi kuuona. Mtaani kwetu ni Bi Yumoto peke yake aliyekuwa akimpiga mswaki paka wake kila jioni, tena barazani, watu wakipita, na mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Chizuru alikuwa miongoni mwa wachekaji. Kumbuka hilo.

*

Mambo yaliharibikia jikoni. Chizuru alikuwa akiosha vyombo, Yasunori akifuta, na maji yalikuwa yakimwagika, kwa hiyo waliona hawasikiki. Walijidanganya. Nyumba zetu kuta zake ni kama karatasi, na nyingine ni karatasi kweli.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Nimwambieje? 'Baba, unanuka mdomo'? Mtu aliyenibeba mgongoni?"

"Mwambie aende kwa daktari wa meno. Ukaguzi wa kawaida tu."

"Ataelewa. Yule mzee anaelewa hata usichosema."

"Basi tuishi hivi hivi?" Chizuru aliacha kuosha. "Honoka anakuja na wakwe zake mwaka mpya. Watakaa pale. Watainua blanketi, Yasunori. Tutasema baridi leo?"

Mzee Tokuji alikuwa ukumbini, chupa ya chai mkononi. Alikuwa anafuata maji ya moto.

Hapo lazima umjue mzee huyu alikuwa nani. Maisha yake yote alikuwa kinyozi. Wanaume wa mitaa mitatu walikaa kwenye kiti chake, shingo wazi, wembe kooni, uso wake karibu na nyuso zao kuliko wake zao walivyothubutu. Kabla ya kila mteja alitafuna majani makavu ya chai, akatema, akasukutua. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mkasi butu mtu atausamehe, lakini pumzi hasamehi. Hatasema kitu, atalipa, atakuinamia, na hutamwona tena. Hata baada ya kustaafu aliendelea kuwanyoa bure wazee wenzake kwenye ukumbi wa mtaa, na majani yake ya chai yalikuwa mfukoni.

Alirudi chumbani bila maji. Akaweka kiganja mbele ya mdomo, akapumua, akanusa. Hakuwa na hakika. Wakati huo Gobo alikuja, akaegemeza kidevu gotini pake, akamtazama kwa mapenzi yote, mdomo wazi. Harufu ilimjaa mzee puani.

"Kweli," akasema. "Ni mimi."

Kesho yake alitoka na barakoa. "Vimafua," akaeleza. Akaomba ale chumbani asije akawaambukiza. Gobo akamfuata, na hewa ya sebuleni ikawa safi kama ya hekaluni asubuhi.

"Umeona?" akanong'ona Chizuru.

Yasunori aliona. Alihuzunika kwa ajili ya baba yake, na nisikufiche, alifarijika kwa ajili ya miguu yake. Akarudi kuvaa soksi moja moja.

Mzee alikwenda kwa daktari wa meno kimya kimya. Daktari alimwambia kinywa chake ni safi, hakina neno. Mzee alishukuru sana, asiamini hata nukta. Mtu wa watu yule, ana adabu, angesema nini? Ukumbini kwa wazee akapeleka habari kwamba mkono unamsumbua, hatanyoa tena. Usiku alilala na Gobo kifuani na harufu ikamwambia yale yale.

Kisha, jioni moja, akajitokeza sebuleni, barakoa usoni, akapiga magoti mlangoni kama mgeni.

"Nimepata nafasi kwenye nyumba moja ya wazee, Azumino. Nitakwenda wiki moja kujaribu. Wana bafu la chemchemi ya moto."

"Baba! Kwa nini?" akasema Yasunori.

"Mgongo."

Huo mgongo haujawahi kumuuma. Wote walijua, na wote wakainamisha vichwa.

"Mbwa hawapokelewi," mzee akaendelea. "Gobo atabaki. Chizuru, samahani, mwanangu, nakuongezea kazi. Saa ya chai umpe andazi la mama. Umpe taratibu."

Akamshika Gobo kichwa, akachelewa kuuondoa mkono. Na wewe uelewe kama mimi nilivyoelewa: wiki ya kujaribu ilikuwa maneno ya mdomoni. Mzee anayefunga sanduku na kuweka picha ya mkewe katikati ya nguo haendi kujaribu. Anahama.

*

Siku ya kwanza Gobo alilala nje ya mlango wa mzee, pua kwenye ufa, hakula. Siku ya pili baridi ilimshinda. Jioni alijikokota mpaka sebuleni, akapenya chini ya blanketi.

Chizuru na Yasunori walikuwa wamekaa kuelekeana, wawili tu. Yasunori akaliinua blanketi kidogo ajinyooshe.

Ilitoka.

"Baridi leo," akasema Chizuru, kwa mazoea.

"Baridi kweli," akasema Yasunori.

Hapakuwa na mtu wa kusema theluji iko njiani. Wakatazamana. Chizuru alimtazama mumewe kwa namna ambayo Yasunori alielewa mara moja. Akauchomoa mguu wake, akavua soksi, akaunyanyua mpaka puani, mwanamume mzima, karibu apinduke.

"Si mimi! Naapa!"

"Wala si mimi."

Taratibu, kama watu wanaofungua barua ya msiba, waliinua blanketi lote. Kule ndani, kwenye mwanga mwekundu wa moto wa umeme, Gobo aliinua kichwa, akawatambua, akapiga mwayo mrefu.

Yasunori akaanguka nyuma. Chizuru hakuanguka. Alibaki ameshika blanketi, macho yamemtoka, na machozi yakaanza kumshuka. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema walisema. Huyu alikuwa kwenye nguo, kwenye meza na kwenye mapaja ya watu, na wao wamemfukuza baba.

"Tumemfukuza, Yasunori."

"Hatukusema neno hata moja!"

"Ndiyo hivyo. Hatukusema hata moja."

Ndipo alipoona kwamba chini ya jicho la Gobo shavu limevimba, limekuwa gumu. Alipoligusa, Gobo alilia kama mtoto.

*

Asubuhi Chizuru alibisha kwa Bi Yumoto, yule wa paka. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia ndala zake.

"Samahani sana. Nasikia unamjua daktari anayetibu meno ya... ya wanyama."

"Ee, namjua," akasema Bi Yumoto, paka begani. "Si yule tunayekwenda kwake, mimi na kichekesho cha mtaa hapa?"

Chizuru akainama tena. Alikuwa na sababu.

Daktari Momose alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono midogo. Alimpandisha Gobo mezani, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na wote watatu wakatazama. Meno hayakuonekana. Palikuwa na kitu cha rangi ya matope kilichoyafunika, na juu yake fizi nyekundu zilizovimba, zinazotoa damu kwa kuguswa tu.

"Huu si ukoga tena," akasema daktari. "Huu ni ukuta. Gego la juu limeoza mpaka kwenye mzizi, usaha umepanda chini ya jicho. Maumivu haya si ya jana. Anakula nini?"

"Chakula cha mbwa," akasema Yasunori.

"Na andazi la marehemu," akasema Chizuru. "Kila siku."

Daktari aliwatazama, akaona heri asiulize.

"Lazima alazwe kwa nusukaputi, meno yasafishwe na mabovu yang'olewe. Ni mengi. Moyo wake una mlio kidogo, na kwa umri huu dawa ya usingizi ni kamari. Nitakuwa mwangalifu, lakini sitawaahidi. Kumwacha hivi nako ni kamari, tena mbaya zaidi, sumu hii inakwenda moyoni na kwenye figo. Nani mwenye mbwa?"

"Baba," akasema Yasunori.

"Nataka mwenye mbwa aamue," akasema daktari.

Garini, Gobo mapajani mwa Chizuru, Yasunori alipata wazo. "Tumwambie Gobo anaumwa, arudi. Atarudi leo leo. Hayo mengine ya... ya harufu, yatapita yenyewe. Hakuna aliyeyasema, kwa nini tuyaseme leo?"

"Akirudi bila kuambiwa, atarudi na barakoa yake," akasema Chizuru. "Atakula chumbani mpaka afe. Endesha gari twende Azumino."

*

Kule Azumino mzee Tokuji alikuwa amepata muujiza wake. Usiku wa kwanza alivua barakoa, akalala, akanusa hewa. Hakuna kitu. Alfajiri, hakuna. Akapumua kiganjani, hakuna! Ni maji ya chemchemi, akawaza, yamenisafisha. Hapa sinuki. Basi hapa ndipo pangu. Siku ya tatu akapanga kwenda ofisini kuwaambia amekubali kubaki. Mchana bado alivaa barakoa, kwa tahadhari, akikaa kwenye kona ya ukumbi.

"Wewe kinyozi," akamwita Bi Hisano, bibi wa miaka tisini aliyemgundua tangu siku ya kwanza. "Unajificha uso, una madeni?"

"Vimafua, dada."

"Mafua yasiyo na chafya! Njoo ukae na watu, hatung'ati. Wengi wetu hatuna cha kung'atia."

Hapo ndipo Chizuru alipoingia. Hakutafuta pa kukaa. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya wazee wote, akaweka mikono chini na kichwa juu ya mikono.

"Kumekucha," akasema Bi Hisano, akigeuza kiti chake cha magurudumu aone vizuri.

"Baba, ni Gobo," akasema Chizuru.

"Gobo kafanya nini? Kafa?"

"Hajafa. Harufu, Baba. Ni Gobo."

"Harufu gani?" akauliza mzee, maana naye ni wa huku huku, asingekubali kirahisi.

Chizuru aliinua uso. Mwanamke huyu kwa miaka ishirini na tano ya ndoa hakuwahi kumwambia mkwewe hata kwamba chai imepoa. "Harufu ya nyumbani. Mimi nilidhani ni ya kinywa chako. Nilinunua vidonge. Nilinunua pipi. Nikamwambia Yasunori jikoni..."

"Nilisikia," akasema mzee. "Nilikuwa nafuata maji ya moto."

Chizuru alilia bila kujifuta, na Bi Hisano akakisogeza kiti chake karibu zaidi.

"Inuka, mwanangu," mzee akasema kwa upole. "Nakushukuru. Mmefikiri vizuri, kumsingizia mbwa. Mbwa hana uso wa kuaibika. Lakini msijisumbue. Mimi hapa nimepona, na nitabaki."

Unaona tulivyo? Tumedanganyana kwa adabu miaka na miaka, na ukweli ukija umevua viatu mlangoni, tunaudhania ni adabu nyingine.

"Baba," akasema Chizuru, akainuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yuko garini. Njoo umnuse."

Mzee alitoka na ndala za ndani kwenye theluji. Yasunori alifungua mlango wa gari. Gobo aliposikia mguu wa mzee alianza kutetemeka mwili mzima kuanzia mkiani, na kwa sababu mwili ni mrefu, ilichukua muda kufika kichwani. Mzee akainama. Akaivuta barakoa mpaka kidevuni. Akamshika Gobo taya kwa vidole viwili, kama alivyoshika mataya ya watu maisha yake yote, akaugeuza uso kwenye mwanga, akasogeza pua.

Akanusa mara moja. Akafumba macho.

"Ni yeye," akasema.

Kisha mzee akauona uvimbe, akapitisha kidole gumba chini ya jicho, na Gobo akalia, na mzee akaelewa kichwa kilichoinama upande, makombo, maandazi laini. "Ulikuwa unaumwa," akamwambia. "Ulikuwa unaumwa na mimi nakupa sukari. Nisamehe, baba." Na akalia kweli kweli, mzee yule, theluji ikimwangukia kwenye upara.

Baadaye, akiwa bado ameinama, akasema bila kugeuka, "Chizuru."

"Naam, Baba."

"Mimi mwanzoni nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Kwa ajili ya kujinyima wali. Ndiyo maana nilikuwa nakurudishia pipi."

Yasunori akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Ni Chizuru aliyeangua kicheko kwanza, kicheko kikubwa kisicho na heshima hata kidogo, akajishikilia mlango wa gari asianguke, na mzee akafuata. Kule dirishani wazee walikuwa wamejipanga, na Bi Hisano alikuwa akiwaeleza wenzake jambo ambalo hakulisikia.

*

Uamuzi ulikuwa wa mzee, na ulimtesa. Alimuuliza daktari mara tatu kama Gobo ataamka, na mara tatu daktari akamjibu kwamba anatumaini. Mwishowe alisema, "Mng'oe. Nimemtesa vya kutosha kwa huruma." Siku hiyo walikaa watatu kwenye benchi la zahanati, Bi Yumoto akiwa wa nne, amekuja na paka wake kwa ajili ya kuwatia moyo, au kwa ajili ya kuona. Mzee alitafuna majani ya chai mfululizo mpaka midomo ikawa ya kijani.

Daktari Momose alipotoka, alikuwa ameshika kikopo kidogo cha chuma. "Ameamka," akasema. "Anataka chakula."

Yasunori akainama kuficha uso. Mzee alipokea kikopo kwa mikono miwili. Kulikuwa na meno mengi mno kwa mbwa mdogo vile.

Nyumbani hakuyatupa. Alisimama uani, akayapanga kwenye kiganja: ya chini akayarusha juu ya paa, moja moja, ya juu akayatupia chini ya baraza, kama tunavyofanya na meno ya watoto ili mapya yaote yameelekea vizuri.

"Baba, ana miaka kumi na minne," akasema Yasunori. "Hayataota."

"Yasiote," akasema mzee, akarusha lingine. "Bi Fusae ataona nimejaribu."

Kuanzia siku hiyo andazi la Bi Fusae lilikuwa likiteremshwa na kuliwa na Chizuru, maana kimono ilikuwa imekwishamkaa. Meno machache yaliyomsalia Gobo yalipata mswaki kila jioni, barazani. Mzee alimfunga taulo nyeupe shingoni, akatafuna majani yake ya chai kwanza, akasukutua, kisha ndipo akamsogelea uso.

"Mteja ni mteja," alisema. Na kwa kuwa chonge la kushoto lilikuwa limeondoka, ulimi wa Gobo ulining'inia upande huo, akaonekana kama anayewacheka wapita njia. Mtaa uliwacheka wao. Bi Yumoto alipita na paka wake, akawainamia kama mkongwe wa chama.

Ukumbini kwa wazee mkono ulipona ghafla. Na mara moja kwa mwezi mzee alipanda treni kwenda Azumino, kumnyoa Bi Hisano shingo na kusikiliza matusi yake.

Jioni moja, siku chache kabla ya wakwe kufika, walikaa wote kwenye kotatsu. Chungu cha mboga kilikuwa kinatokota. Gobo alikuwa chini, mzima mzima kama desturi. Yasunori alirudi kazini amechelewa, akavua viatu, akainua ncha ya blanketi, akapenyeza miguu.

Ikatoka.

Si ile. Hii ilikuwa nyepesi zaidi, ya mpira na siku nzima ya mabomba, lakini ilipanda vile vile, ikafika, ikakaa. Mzee alitazama chungu. Chizuru alimtazama mzee.

"Baridi leo," akasema Yasunori harakaharaka.

"Yasunori," akasema Chizuru. "Ni miguu yako. Kanawe."

Mzee Tokuji alicheka mpaka meno ya juu yakamtoka, akayadaka kwa mkono, na kwa mkono mwingine akamsogezea mwanawe bakuli jekundu la pipi. Yasunori akaenda bafuni ameinamisha kichwa. Gobo alitoka chini ya blanketi, akapiga chafya, akahamia upande wa pili.